Mlinzi Aliyeanza Kupiga

Nilijua kuna mtu mwingine ndani ya kaka yangu siku ile Mlinzi alipoanza kwa Radi.

Ngoja nieleze kabla hujanidhania nimepagawa. Kaka yangu Emery anafanya kazi ya ng'ombe Mbarara. Mimi nachaji simu za watu hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye kibanda chenye paneli mbili za sola na nyaya ambazo kila mteja anadhani nimeziweka ili zimtege yeye peke yake. Tunakutana kwenye mchezo wa simu. Alasiri, wateja wakipungua na ng'ombe wake wakiwa wameshakula, kila mmoja anaingia upande wake, tunaungana na Cassien, jirani yetu Mrundi, kisha sisi watatu tunavamia ngome za watu tusiowajua, labda wako Brazil, labda wako Bujumbura. Mimi ni Mponyaji. Cassien ni Mpiga Mishale, maana anapenda kuumiza watu akiwa mbali. Emery ni Mlinzi.

Katika mchezo huo Mlinzi ana mbinu nyingi, lakini ukiingia vitani unaruhusiwa kubeba nne tu, na lazima uzipange ipi ya kwanza, ipi ya mwisho. Watu wanagombana sana juu ya mpangilio huo. Cassien, ambaye angekuwa wakili kama vita visingemkatisha masomo, alikuwa anashikilia kwamba Radi iwe ya pili, maana Radi inaunguza maadui wengi kwa mara moja. Emery hakukubali hata siku moja. Kwake ya kwanza ilikuwa Ngao ya Mwenzio. Ya pili Kelele, ile inayowafanya maadui wote wamgeukie yeye. Ya tatu Jiwe, anakuwa mgumu asidhurike. Radi mwisho kabisa, tena kama imebaki nafasi.

Ngao ya Mwenzio ni ya usumbufu, ndiyo maana Walinzi wengi wanaikimbia. Hujikingi wewe, unamkinga mwingine. Unashika picha ya mwenzako pembeni kushoto kwa kidole gumba, usiachie, huku kidole gumba cha kulia kinabonyeza ngao. Ukiteleza, imepotea. Emery alikuwa anaifanya bila hata kuangalia. Vita vikianza tu, kabla sijajua maadui wametokea wapi, lile duara la bluu lilikuwa limeshanizunguka.

"Mulinzi mwenye kuanza kupiga si mulinzi," alikuwa anamwambia Cassien. "Ni mutu ya hasira tu."

Kaka yangu ni hivyo hata nje ya simu. Tuliposhuka milimani kwetu Kongo kukimbia, baba akiwa ameshakufa, Emery alikuwa mtoto bado lakini alitembea nyuma yetu njia nzima. Mama akimwita apite mbele alikataa, akisema anaangalia nyuma. Angefanya nini kama waliotufukuza wangetokea, sijui. Alikuwa na fimbo ya kuchungia.

Sisi ni watu wa ng'ombe, na ingawa ng'ombe wetu walibaki huko kwa walioturithi tukiwa hai, mama yetu Madeleine hakuacha adabu zake huko. Maziwa kwake yana heshima. Hayawekwi chini mbele ya mtu, na hayapokelewi kwa mkono mmoja. Ukileta mmoja, hakugombezi. Anasubiri tu, kikombe kikiwa hewani, mpaka mikono yote miwili ije. Nakumbuka Emery aliponunua simu yake ya kwanza. Alikuwa amezama katika vita fulani, akanyoosha mkono mmoja bila kuinua macho. Mama alisimama pale na kikombe. Alisimama mpaka Mlinzi akauawa, Emery akaweka simu chini, akaleta mikono miwili kama mtoto mdogo, na Cassien aliyekuwa amekaa mlangoni akacheka hadi akaaibika.

Sasa turudi kwenye Radi.

Emery alikuwa amepotea kwenye mchezo kwa siku nyingi. Mwanzoni nilimtukana kimoyomoyo, nikijua amepata msichana wa Mbarara. Kisha akarudi, akaandika kwamba simu ilikuwa mbovu. Nikafurahi, nikamwita Cassien, tukaingia. Vita vikaanza. Nikasubiri duara langu la bluu. Halikuja. Mlinzi akatimua mbio katikati ya ukumbi, akapiga Radi, akapiga tena mkuki, akawa anapiga tu, na mimi nikauawa pale mlangoni kama kuku.

Nilidhani ameteleza. Siku iliyofuata akafanya vilevile. Nikamwandikia, ngao yangu iko wapi? Akajibu, "Nimebadilisha." Neno moja. Emery wangu hawezi kuandika neno moja, huyo ni mtu wa kuandika mpaka simu ichoke. Tena mimi ananiita Kadogo, tangu nizaliwe ananiita Kadogo, na huyu hakuniita chochote.

Cassien alikuja kibandani kuchaji simu yake, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Halafu akasema, "Bénédicte, nimeangalia anavyopiga. Ameondoa Ngao, ameondoa na Jiwe. Mtu anaweza kubadilisha mpangilio, sawa. Lakini yule hachezi kama mtu aliyebadilisha. Anacheza kama mtu ambaye hajawahi kujua."

Nikamwambia aache upuuzi. Nilisema kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaza hivyo tangu jana yake.

Nikapiga simu. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena mbele ya Cassien, inaita hadi inakata. Baadaye ukaja ujumbe: "Mikro ya simu imekufa. Andika." Nikamwomba basi anitumie picha yake, mama anataka kumwona. Akajibu kwamba kamera nayo imekufa. Simu gani hii iliyokufa kila mahali isipokuwa kwenye mchezo?

Mtu akitaka kuogopa vizuri, afungue kibanda cha kuchaji simu. Watu wanakaa pale wakisubiri, na hawana kazi nyingine isipokuwa kusimuliana mabaya. Wiki hiyohiyo mwanamke mmoja kutoka Rwekubo alileta simu yake, akasimulia habari ya kijana wa bodaboda aliyeuawa akatupwa shambani kwenye migomba, na waliomuua wakabaki na simu yake, wakawa wanamjibu mke wake. Mke anauliza umekula, wanajibu nimekula. Mke anauliza utarudi lini, wanajibu bado kidogo. Alikuwa anaongea na wauaji huku maiti ya mumewe inaoza. Mimi nilikuwa nimeshika waya mkononi, nikamchomekea yule mama simu ya mtu mwingine.

Toka siku hiyo sikulala vizuri wala sikula vizuri. Kila alasiri Mlinzi aliingia. Jina lake lilikuwa lilelile, nguo zake zilezile, ile kofia ya pembe aliyoisumbukia misimu miwili ya mvua. Nilikuwa namtazama akitembea kwenye skrini na ngozi inanisisimka. Kama kaka yangu amekufa, basi kuna mtu amevaa ngozi yake, amekaa mahali fulani Mbarara, ananitazama na mimi.

Nikaamua kumjaribu. Tukiwa katikati ya vita niliandika: tulipokuwa tunakimbia, nani alitembea nyuma? Ni jambo ambalo hata Cassien hakuwa analijua.

Mlinzi akasimama. Maadui wanampiga, yeye amesimama tu. Kisha jibu likaja, pole pole, herufi zikiwa na makosa: "Wacha maswali. Piga."

Nikaandika tena, nijibu. Akapiga tu mpaka vita vikaisha. Halafu akaandika maneno ambayo yalinitoa jasho kibandani, jua likiwa limeshapungua:

"Usikuye Mbarara. Na mama usimwambie kitu."

Mimi sikuwa nimesema naenda Mbarara.

Nilimfungulia Cassien maneno hayo mbele ya macho, akayasoma, akavua kofia yake. Yeye ni Mkatoliki, akajifanyia ishara ya msalaba taratibu kama mtu anayepita mbele ya kaburi, na hapo ndipo nilipotaka kumpiga. Nilimwambia hakuna aliyekufa. Akasema hajasema kuna aliyekufa. Akasema twende polisi. Tukawaambie nini, nikamuuliza, kwamba Mlinzi wetu anaanza kwa Radi?

Asubuhi nilimwambia mama nakwenda Mbarara kununua nyaya. Ni uongo mdogo, lakini ulinisuta, kwa sababu mama aliposikia Mbarara uso ulimfunguka. Akaniambia basi nitapita kwa Emery. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya plastiki ya maziwa ya kuganda, aliyofunga kwa kitambaa safi. Alikuwa ameyapata kwa wafugaji wa Ngarama, na alikuwa anayatunza kwa wageni. Mupelekee ndugu yako, alisema, na akaniomba nimpe mkononi, nisimwachie mtu getini. Nikapokea kwa mikono miwili.

Cassien alibaki kulinda kibanda. Mimi nikasafiri na chupa mapajani, nikiwaza nitaimwaga wapi kama ndugu yangu hayupo, maana maziwa ya mtu aliyekufa nani atayanywa.

Shamba la ng'ombe alilofanyia kazi liko nje ya mji, kuna ukuta mrefu na lango la chuma. Nilikuwa nimelijua kwa picha alizowahi kututumia. Askari wa lango, Mganda wa makamo mwenye koti kubwa kuliko mwili, alifungua kidirisha, akaniuliza ninataka nani. Nikataja jina la Emery. Akaangalia nyuma yake kwanza, ndipo akajibu.

"Ule kijana ya Nakivale? Hayuko. Alitoka hapa na damu mingi. Walimubeba kwa boda."

Nikamuuliza damu ya nini, nani alimfanya nini.

"Siku hiyo mimi nilikuwa ofu. Nilikuta tu damu kwa simiti, wanamwaga maji. Bosi amesema mambo hiyo tusiongee."

Nikamuuliza kama alipona. Sijui sauti yangu ilitoka vipi, maana yule askari aliacha ukali wake, akainamisha kichwa karibu na kidirisha. Akasema hajui, hakuna aliyerudi kumwambia. Ila vitu vya Emery, begi, blanketi na simu, alivichukua mwenzake waliyekuwa wanakamua pamoja, anaitwa Nkusi. Nkusi siku hizi analala mjini, Rwebikona, vyumba vya nyuma ya kinu cha mahindi. Gari likapiga honi ndani, kidirisha kikafungwa.

Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Mpaka hapo, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa bado inanidhihaki, inasema wewe msichana mchezo umekuharibu akili, utamkuta anakula ndizi na utaaibika. Sehemu hiyo ilinyamaza. Kulikuwa na damu, watu walikuwa wameimwagia maji, na simu ya kaka yangu ilikuwa na mtu anayeitwa Nkusi. Kila nilichokuwa nimekiogopa kibandani sasa kilikuwa kimepata jina na mtaa. Nililia kidogo pale, nikiwa nimekumbatia chupa, kisha nikampigia Cassien.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Alisema nisiende peke yangu. Nikamwambia nikimsubiri afike, giza litanikuta mjini. Akafikiri. Alipoongea tena alikuwa ni yule wakili.

"Basi nitamwita vitani sasa hivi. Nitamwambia wewe una wateja, tupigane sisi wawili. Ngome kubwa, ile ndefu. Mlinzi akishaingia mule hatoki mpaka vita viishe. Utamkuta na simu mkononi, hawezi kukana."

Nikapanda boda. Njiani Cassien aliniandikia: ameingia. Baadaye kidogo: anapiga Radi tu, kama kawaida. Nikamwona kwa akili yangu yule Nkusi, sijui kwa nini nilimpa ndevu, amelala chali kwenye blanketi la Emery, anachezea jina la Emery, anacheka.

Vyumba vilikuwa vimepangana nyuma ya kinu, milango kama kumi inatazama ua wenye matope. Bombani kulikuwa na kijana mwembamba, hana ndevu hata moja, anasugua makopo ya maziwa. Nikamuuliza yuko wapi Nkusi. Akasema ndiye yeye. Kisha akanitazama usoni vizuri, mimi na Emery tumefanana pua na paji la uso, na nikaona macho yake yakishuka chini. Sijawahi kuona mtu mwenye hatia zaidi ya yule. Kopo likamponyoka.

Mikono yake ilikuwa mitupu. Haikuwa na simu.

"Dada, ngoja kwanza," alisema. "Ngoja nimwambie."

Amwambie nani? Kwa hiyo walikuwa wengi. Ningekuwa na akili ningekimbia barabarani nikapige yowe. Lakini kutoka nyuma ya pazia la mlango wa mwisho nilisikia baragumu. Ni lile linalolia ndani ya mchezo Mlinzi anapopiga Radi, nalijua kama ninavyojua sauti ya mama. Lililia mara moja, likalia tena. Woga ukageuka hasira, na mimi nikishakasirika sina breki. Nikampita Nkusi, akanishika kitenge, nikamwachia upande wa kitenge, nikavuta pazia.

Chumba kilikuwa na giza kidogo. Mtu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, magoti juu. Simu ilikuwa imebanwa katikati ya magoti yake, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinaruka juu yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pembeni juu ya mto. Ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe kutoka kwenye kiwiko, na baada ya kifundo haukuendelea.

Alikuwa Emery.

Alikuwa amekonda, amefuga nywele, lakini alikuwa yeye. Aliinua macho, akaniona, na badala ya kuinuka akavuta blanketi haraka akafunika mkono ule. Kwenye simu Mlinzi alisimama, akapigwa.

"Funga pazia, Kadogo," alisema.

Nilikaa chini pale nilipokuwa. Nilikuwa nimejitayarisha kumkuta muuaji, nimejitayarisha hata kuambiwa kaburi liko wapi, lakini hili sikuwa nimelifikiria. Nikalia kwa sauti, nikamtukana, nikamwita mpumbavu na muongo na mtoto wa ng'ombe, nikamuuliza anajua nimeishi vipi wiki hizi. Nkusi alikuwa amesimama mlangoni na upande wa kitenge changu mkononi, hajui aupeleke wapi.

Ni Nkusi aliyenisimulia, kwa sababu Emery aligeukia ukuta. Ilikuwa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Matete yalikuwa mabichi, yalikwama, Emery akayasukuma kwa mkono. Hospitalini walifanya walichoweza, lakini kiganja hakikuwa tena cha kushonwa. Yeye Nkusi alitaka kutupigia simu siku ileile. Emery alimwapisha asithubutu, na tangu hapo amekuwa akimlisha na kumwosha kidonda, na akitoka kwenda kukamua anamwachia simu ili asibaki na mawazo peke yake.

Nikakumbuka ile Ngao. Unashika picha pembeni kushoto, usiachie, na wa kulia unabonyeza. Nikaona siku zote zile nilizokuwa nauawa mlangoni nikimlaani mtu aliyevaa ngozi ya kaka yangu, kumbe alikuwa hapa ukutani, anatazama picha yangu pembeni ya skrini na hana cha kuishikia.

"Ungeniambia," nilisema. "Ningekuambia uweke hata Kelele kwanza."

"Nilijaribu kukukinga na kidole kimoja," alisema akiwa bado ametazama ukuta. "Haiwezekane. Njo maana nikaanza kupiga. Nilisema nikiwaua haraka, labda hawatakufikia."

Nikamuuliza kwa nini hakujibu swali langu, la nani alitembea nyuma. Akasema alijua nikianza kuuliza sitanyamaza, nitafika kwenye mkono. Ndiyo hiyohiyo sababu aliniandikia nisije.

Nikafanya nilichotumwa. Nikafungua kitambaa, nikamimina maziwa kwenye kikombe cha Nkusi, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Alikitazama. Mkono wa kulia ulianza kuja, ukarudi.

"Weka chini," alisema.

Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuambiwa aweke maziwa chini. Nikamwambia siweki. Akasema basi nimpe Nkusi. Hapo ndipo kilichokuwa ndani yake kilipotoka, kwa sauti ndogo sana, mtu mzima mwenye ndevu.

"Kadogo, mama atanipa maziwa. Nitapokea na nini?"

Simu yangu ilikuwa inalia kwenye mkeka. Cassien alikuwa ameshauawa kwenye ngome, anapiga kujua kama na mimi nimeuawa.

Ilichukua saa nzima kumtoa kwenye chumba kile. Nilimwambia mambo mengi, mengine ya kweli na mengine ya vitisho, na nadhani kilichomsukuma ni tishio la kwamba nitamleta mama hapa Rwebikona. Nkusi alimfungia begi. Alimvalisha koti, akaingiza ule mkono mfukoni, na ukikaa mfukoni ungedhani ni mtu tu anayesikia baridi. Emery akasema usiku ukipita atamwambia mama, leo asione, leo apumzike. Nilikubali. Nilikuwa namwogopa mama kuliko nilivyomwogopa Nkusi.

Njia nzima nilikuwa na woga mwingine, mpya. Ule wa kwanza ulikuwa wa kumkosa. Huu ulikuwa wa kumfikisha. Aliwahi kuniambia kwamba akipata ng'ombe wake mwenyewe atamkamua na kumletea mama kikombe kwa mikono yake, na nilijua hilo ndilo alilokuwa analitazama kwenye dirisha la gari. Nilijua pia kwamba akifika nyumbani na mama akakosea hata kidogo, akapiga kelele, au akaweka kikombe mezani kwa huruma kama mtu anayemwekea mgonjwa, kesho yake Emery angeondoka, na safari hii asingeniachia hata jina kwenye skrini.

Tulifika jua likiwa linatua. Mama alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Alipomwona hakukimbia, si tabia yake. Aliweka ungo, akajipangusa mikono, akasimama akimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, na nikaona macho yake yakipita kwenye ule mfuko wa koti, yakarudi, yakapita tena. Hakuuliza. Alimwambia karibu, akamwambia umekonda, akaingia ndani.

Emery alinitazama. Alikuwa na uso wa mtoto aliyesikia hatua za mwalimu. Nilitaka kumfuata mama jikoni nimnong'oneze, lakini alishatoka. Alikuwa ameshika kikombe kile cha bati cha bluu, chetu cha tangu Kongo, kimejaa hadi juu.

Akamnyooshea kwa mikono miwili.

Emery akatoa mkono wa kulia, akaushika ukingo wa kikombe. Mama hakuachia. Emery akavuta kidogo, maziwa yakatikisika. Mama hakuachia. Alisimama vile alivyokuwa anasimama sikuzote, bila ukali, bila haraka, kikombe kikiwa hewani kati yao. Nilitaka kusema mama, mwache, mpe tu.

"Na mwingine," mama alisema.

"Mama," Emery alisema, "mwingine hauko."

"Uliobaki. Leta huo."

Alikaa muda mrefu hajajongea. Kisha koti likatikisika, mkono ukatoka mfukoni taratibu, bendeji nyeupe imechafuka vumbi la safari. Akausogeza mpaka chini ya kikombe, akauegemeza pale, juu ya vidole vya mama.

Mama akatazama kama umekaa vizuri. Ndipo akaachia.